Gari Likichemsha, Tazama Feni Kwanza



Iwapo unamiliki gari kuukuu na makao yako ni Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, huenda umekwisha kuliona jambo hili. Gari huweza kwenda hadi Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 190, pasipo kuchemsha. Lakini likirejea Morogoro, likasubiri kidogo katika msongamano wa mjini kisha likapanda taratibu kuelekea nyumbani, mshale wa joto huanza kupanda na mvuke hutoka chini ya boneti. Wengi husema kwamba injini imekwisha. Aghalabu si injini, bali ni feni.

Sababu yake si ngumu. Maji yanayozunguka ndani ya injini hupeleka joto kwenye rejeta, na hewa inayopita katika vibati vyake vyembamba huliondoa. Gari likienda kasi, upepo wa mwendo watosha. Likienda polepole au likisimama, ni feni peke yake inayovuta hewa. Kwa hiyo, gari linalochemsha likiwa polepole tu, tazama feni kwanza. Likichemsha hata katika mwendo wa kasi, tazama kiasi cha maji, rejeta iliyoziba, pampu ya maji na themostati.

Hapo ndipo fedha za familia nyingi hupotea. Wako mafundi wanaong'oa themostati na kuitupa, wakidai kuwa injini itapoa. Matokeo yake injini huchelewa kupata joto lake la kazi, hula petroli zaidi na huchakaa upesi, na feni mbovu imebaki pale pale. Wengine huiunganisha feni moja kwa moja ili izunguke wakati wote. Hiyo yafaa kukufikisha nyumbani, lakini si tiba, kwa maana mota hufanya kazi pasipo kupumzika.

Kama feni yako ni ya mkanda, kagua kama mkanda umelegea au mapanga yana ufa. Kama ni ya umeme, chomoa plagi yake, kisha mwombe fundi aipe mota umeme wa betri. Ikizunguka vema, mota ni nzima, na kosa litafutwe kwenye fyuzi, rilei, swichi ya joto au nyaya. Isipozunguka, au ikizunguka kwa kukwama, ndipo utafute nyingine. Ukinunua iliyokwisha kutumika, ijaribiwe kwa betri kabla hujatoa fedha. Na ilingane na ya zamani kwa upana, kwa matundu ya bolti na kwa upande inaozungukia.

Kazi ya kuibadili feni ya umeme haitaki miujiza. Injini ipoe kwanza. Kisha ondoa waya hasi wa betri, kwa kuwa katika magari mengi feni ya umeme huweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, na vidole vilivyokatika havina kipuri dukani. Chomoa plagi, fungua bolti za fremu inayoishika feni, uitoe taratibu bila kukwaruza rejeta. Ukikwisha kufunga mpya, izungushe kwa mkono uhakikishe haigusi kitu. Rudisha betri, washa injini, uiache ipate moto mpaka feni ijiwashe yenyewe. Mwisho, ikiwa feni imekaa nyuma ya rejeta, shika kipande cha karatasi mbele ya rejeta: kikivutwa, kazi ni njema, kikisukumwa, feni inazunguka kinyume na nyaya zake zimepishanishwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Injini iliyoachwa kuchemsha mara kwa mara hupinda silinda hedi na kuunguza gasketi, na gharama yake huimeza ada ya watoto.

Basi, akina baba na akina mama, kila anayeshika usukani nyumbani afundishwe kuutazama mshale wa joto. Ukipanda kupita kiasi, egesha gari pembeni, zima injini na usubiri. Usithubutu kufungua kifuniko cha rejeta ingali ya moto, hata abiria wakinung'unika. Kifuniko hicho hubana maji yapite nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua, yote hukurukia usoni. Subiri mpaka uweze kuishika rejeta kwa mkono bila kuungua. Kuchelewa kufika nyumbani kwa saa moja ni hasara ndogo kuliko macho ya mzazi.