Radi Haimpigi Mtu kwa Dhambi Zake

Radi ikiua watu katika nchi zetu, maelezo huwa tayari kabla ya maziko. Mungu amekasirika. Au kuna mtu kaituma. Na wapo wasomi wanaoyasikia hayo na kuhitimisha kwamba dini nzima ni ujinga mtupu. Madai haya nimeyasikia msibani, kwenye daladala na hata mimbarini, na ninayajibu hapa moja moja kwa sababu yanawaangukia watu ambao tayari wamefiwa.

Wanasema radi ni adhabu. Machi 2018, siku ya Jumamosi, radi ilipiga kanisa la Waadventista Wasabato wilayani Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, na waumini 16 wakapoteza maisha. Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, ilipiga watu waliokuwa wamekusanyika kusali. Walikufa 14, wengi wao watoto. Anayeiita adhabu atuambie watoto wale, waliokwisha kuikimbia vita, walimkosea Mungu nini kuliko sisi tuliobaki majumbani.

Dai hili halihitaji hata fizikia ili lianguke. Kitabu cha Ayubu kinaanza na moto ulioshuka kutoka mbinguni ukateketeza kondoo na watumishi wa mtu ambaye Biblia yenyewe imeshamwita mwadilifu. Marafiki walioshikilia kwamba lazima ametenda dhambi ndio waliokemewa mwishoni. Katika Luka 13, Yesu anakataa kwamba watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Na jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad, watu walianza kuunganisha mambo hayo mawili. Mtume mwenyewe, akiwa na msiba wake, aliwakatalia, akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kifo cha mtu yeyote. Kwa hiyo mhubiri anayeigeuza radi kuwa hukumu amekosea sayansi, na maandiko yake pia ameyakosea.

Dai la pili ni baya zaidi: radi imetumwa. Hoja yake kubwa ni swali, na ni swali la haki: mbona imeziacha nyumba zote ikapiga ya fulani?

Ndani ya wingu la dhoruba, chembe za barafu na punje za mvua ya mawe hugongana na kupokonyana chaji za umeme. Kwa kawaida chaji chanya hukusanyika juu na hasi chini. Zikizidi, chaji hasi huanza kushuka kwa hatua, kila hatua makumi ya mita, zikipinda huku na huko. Zinapoikaribia ardhi, kila kilichochomoza, uwe mti, mnara, paa au kichwa cha mkulima aliyesimama shambani, huanza kutoa cheche za kupanda juu. Cheche itakayokutana kwanza na umeme unaoshuka ndiyo inayofungua njia, na katika njia hiyo joto hufikia nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi, kama mara tano ya joto la uso wa jua. Hakuna jina la mtu linalotajwa popote katika safari hiyo.

Halafu wataleta habari ya ng'ombe: kundi zima limelala chini ya mti, limekufa bila jeraha, na mchunga amepona. Kama si uchawi ni nini? Radi ikipiga mti, umeme husambaa ardhini, na nguvu yake hupungua kadiri unavyokwenda mbali na shina. Ng'ombe amesimama miguu ya mbele karibu na mti, ya nyuma mita moja na nusu nyuma yake. Tofauti ya nguvu kati ya sehemu hizo mbili husukuma umeme upande mguu mmoja na kushukia mwingine, na katikati ya njia hiyo upo moyo. Mchunga aliyesimama miguu imekaribiana hupata kidogo sana. Mtu yeyote anayejua wanyama hawa wanavyosimama anaweza kulielewa jambo hili bila shahada.

Na sehemu zinazopigwa sana zinajulikana. Vipimo vya setilaiti vinaiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, ya kwanza Afrika na ya pili duniani, kwa mimweko kama 205 katika kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Huko kuna milima, joto na unyevu mwingi wa hewa, na mambo hayo matatu yanatosha kujenga mawingu ya dhoruba. Nalisema hili kwa ukali kwa kuwa tunajua shutuma za uchawi huishia wapi. Usukumani bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walipokuwa wakitupikia.

Kuhusu imani kwamba nguo nyekundu huvuta radi na kwamba vioo vifunikwe kwa kanga: umeme hauoni rangi, na kioo hakiuvuti. Tuendelee.

Wanasema kufunga kinga ya radi ni upungufu wa imani. Hoja hii ni ya zamani. Benjamin Franklin alipopendekeza fimbo ya chuma katika karne ya 18, wapo waliosema anaingilia kazi ya Mungu. Ulaya ya wakati ule walizoea kupiga kengele za kanisa ili kuifukuza dhoruba, na wapiga kengele waliuawa minarani, mikono yao ikiwa kwenye kamba zilizolowa. Mwaka 1769, huko Brescia, Italia, radi ilipiga jengo lililokuwa na baruti iliyohifadhiwa ndani, na sehemu ya mji ikabomoka. Waumini wetu humeza dawa za malaria na kumshukuru Mungu. Waya wa shaba unaoteremka kutoka mnarani hadi ardhini una kosa gani?

Sasa niwageukie wasomi. Kusema sayansi imemaliza kila kitu si kweli hata kwa radi. Nguvu ya umeme inayopimwa mawinguni mara nyingi ni ndogo kuliko inayohitajika kuanzisha mmweko, na watafiti bado wanabishana cheche ya kwanza inatoka wapi. Sisemi Mungu amejificha hapo. Pengo hilo linaweza kuzibwa kesho. Ninachosema ni kwamba aliyemzika mwanawe hatulizwi na somo la chaji. Anayelala kwake msibani, anayechimba kaburi na anayesoma dua au kuimba tenzi wanafanya kazi ambayo maabara haikuomba kuifanya. Lakini swali la radi imetokeaje ni la sayansi kulijibu. Natamka hivyo nikiwa muumini.

Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi Runyanya, Uganda. Baadaye shule hiyo ilifungiwa mfumo wa kinga. Kamati zetu za ujenzi, zinazochangisha kwa ajili ya spika na vigae, ziweke kinga hiyo kwenye bajeti, na fundi awe aliyesomea kazi hiyo. Na mimbari zitangaze hili kabla ya masika: ukiona mmweko na ngurumo ikafika kabla hujahesabu sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Ingia kwenye jengo imara lenye nyaya na mabomba au ndani ya gari lililofungwa, usikae chini ya mti wala kwenye kibanda cha bati, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.