Chakula Chenyewe Kinakuja Lini?

Binti yetu anayefanya kazi Nairobi alipopata mshahara wake wa kwanza, alitualika mimi na mama yake tutoke Nakuru tukale katika mkahawa wa Kiitaliano.

Hapo huagizi. Mpishi ndiye aamuaye, nawe huletewa sahani moja baada ya nyingine: kwanza vionjo, viitwavyo antipasti, kisha primo, yaani tambi au wali, halafu secondo, nyama au samaki, mwisho dolce, kitu kitamu. Sahani zilikuwa pana kama ungo, chakula tonge moja. Ya tatu ilipoondolewa, nikamwuliza mhudumu kwa sauti, "Chakula chenyewe kinakuja lini?" Watu wakageuka. Binti yangu akainamisha uso.

Tukirudi kwa barabara ya chini, tulipita lile kanisa dogo la Mai Mahiu, lililojengwa mwaka wa 1942 na mateka wa vita Waitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Mke wangu akasema, "Na hili ni dogo, Baba Watoto, lakini sijasikia ukiuliza kanisa lenyewe liko wapi."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimeupima mlo kwa tumbo, kumbe mtoto alikuwa amenipakulia jasho la mwezi mzima. Jioni hiyo nilimpigia simu nikamwomba radhi.

Mzazi mwenzangu, ukialikwa hivyo, uliza mapema idadi ya sahani, kisha ule polepole. Githeri itakungoja nyumbani. Kutoa ni moyo. Kupokea nako kwataka moyo.