Msafiri Mwislamu, usishinde kwa chai na mandazi

Ndugu msomaji, chukua kwamba kazi imekupeleka Mogogosiek, huko Konoin katika Kaunti ya Bomet. Umetoka Mombasa au Eastleigh, wewe ni Mwislamu, na kila utazamapo ni majani chai. Wenyeji wengi ni Wakipsigis, na wengi wao ni Wakristo. Saa saba mchana tumbo linadai haki yake. Unachungulia hotelini, unaona nyama inachemka, unaona haya kuuliza. Unaagiza chai na mandazi. Jioni, chai na mandazi. Kesho yake vivyo hivyo.

Wengi wetu husafiri namna hiyo na kuihesabu kuwa ni ucha Mungu. Kwa maoni yangu, hiyo ni haya tu iliyovishwa kanzu ya dini. Dini imekutaka ule kilicho halali na kizuri; haikukutaka ukae na njaa. Na njaa hiyo ina gharama. Mwenye kisukari anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, akiruka mlo anaweza kutetemeka, kutoka jasho na hata kuzirai. Mandazi nayo ni unga mweupe, sukari na mafuta: huzima njaa kwa muda mfupi, basi.

Dawa yake ni kuuliza, lakini kuna namna ya kuuliza. Ukisema, "Je, chakula hiki ni halali?" mwenye hoteli atakujibu kwa moyo safi kwamba ni halali, maana kwake neno hilo ni kitu kisicho cha wizi. Hajakudanganya. Badala yake uliza, "Nyama hii imechinjwa na nani?" Katika machinjio mengi ya Kenya kazi ya kuchinja hupewa Waislamu ili nyama iuzike kwa wote. Hata hivyo usikisie, kwani mnyama huenda alichinjwa kijijini. Wala usitegemee ule muhuri ulio juu ya nyama. Huo ni wa mkaguzi wa afya. Unakwambia nyama imekaguliwa, haukwambii nani alishika kisu.

Ukiamua kula mboga tu, swali nalo libadilike. Kwa wapishi wengi "bila nyama" maana yake ni bila vipande vya nyama. Supu yake huenda imekwisha kumiminwa katika maharagwe. Kwa hiyo uliza habari za sufuria, za mafuta na za mwiko. Jambo hili haliko Mogogosiek pekee. Huko Hungaria, mapishi ya asili hutumia sana mafuta ya nguruwe, na hata mchuzi mzito wa mboga uitwao főzelék unaweza kupikwa kwa mafuta hayo. Jina la chakula halitoshi, awe msafiri yuko Budapest au Bomet.

Majibu yakikuridhisha, utakula vizuri kuliko unavyodhani. Kuna ugali, ambao wenyeji huuita kimnyet, pamoja na sukuma wiki, managu, na mgagani, yaani isagek, ambao mara nyingi hupikwa kwa maziwa. Kuna githeri, ambayo mahindi na maharagwe yake hukamilishana kwa protini. Kuna mayai. Tena kuna samaki, ambaye hahitaji kuchinjwa; omena wa Ziwa Victoria huliwa na mifupa yake, hivyo wana madini mengi ya kalisi.

Chai usiiteremshie chakula. Huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe, na hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa mama mjamzito au mwenye upungufu wa damu. Ngojea kama saa moja, na mlo wenyewe uusindikize kwa chungwa. Aidha, acha chai ipoe kidogo. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio, na ugonjwa huo umewasumbua sana watu wa sehemu hizi.

Mwenyeji wako huenda akakukaribisha kwa mursik, maziwa ya kugandishwa katika kibuyu kilichopakwa masizi ya mkaa. Ni heshima kubwa. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kileo katika mursik, pamoja na asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani hiyo hiyo. Hukumu ya dini muulize sheikh wako. Kwa upande wa afya, mimi ningeomba maziwa yaliyochemshwa, na kushukuru kwa adabu.

Ukipitia Kericho mjini, fahamu kwamba liko hekalu la Masingasinga, Gurudwara, lililojengwa kumkumbuka Baba Puran Singh, aliyeishi mji huo na kufariki mwaka 1983. Kwa desturi ya Masingasinga, jiko la hekalu hupika chakula kisicho na nyama na humpa kila mgeni bure, bila kumwuliza dini yake. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi.

Nanyi wenye hoteli wa nchi ya majani chai, hapa pana somo. Hatuwaombi mbadili dini ya jiko. Tengeni sufuria moja ya mboga na mwiko wake, na ubaoni mwandike: "Maharagwe, bila supu ya nyama. Nyama imechinjwa na Mwislamu." Kama si kweli, msiandike. Chaki hiyo itawaletea Mwislamu, itawaletea Mhindi asiyekula nyama, na mgonjwa aliyekatazwa nyama na daktari.

Nawe msafiri, kuuliza si ujinga. Uliza mapema, kabla njaa haijakuulizia.