Theluji ya Pamba na Keki ya Makaa

Kila ifikapo katikati ya Desemba, jiji la Nairobi huvikwa joho la ugenini. Madukani huchomoza miti ya plastiki iliyotandazwa theluji ya pamba, na vioo hubandikwa picha za mzee mwenye ndevu nyeupe aliyejitanda manyoya mazito, ilhali mnunuzi anayemtazama anajipangusa jasho. Nami hujiuliza: je, tunazipamba nyumba zetu, au tunaziombea radhi kwa kuwa hazikujengwa Ulaya?

Ndugu msomaji, sikusudii kuibeza sikukuu wala kuulaani mti wake. Utamaduni, sawa na lugha, huishi kwa kukopa. Desturi ya kupamba mti wa Krismasi ni ya Wajerumani. Ilienea miongoni mwa Waingereza hasa baada ya gazeti moja la London kuchapisha, mwaka 1848, mchoro wa Malkia Victoria na jamaa yake wakiwa wameuzunguka mti uliopambwa. Nao msaiprasi, ambao matawi yake hupamba milango yetu mashambani, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Basi hoja si kukopa; hoja ni kile tukifanyacho na mkopo.

Hapa Kiswahili chatufunza. Kinapokopa neno, hulitia katika ngeli, kikalipa upatanisho na kulizoesha sentensi zake hata likasahau kwao. Ndivyo ilivyokuwa kwa chapati. Jina na mapishi yake vilitoka Bara Hindi, lakini hii leo, katika nyumba nyingi za bara, Krismasi bila chapati si Krismasi. Akina mama huzisukuma tangu alfajiri, watoto huzihesabu, na hakuna aziitaye ngeni. Chapati imepata ngeli. Theluji ya pamba bado.

Ajabu ni kwamba mimi nilizaliwa Nyeri, na theluji ya kweli tuliiona kila kulipopambazuka bila mawingu, kule kileleni mwa Mlima Kenya, ambako barafu imekuwa ikipungua mwaka baada ya mwaka. Hatukuwahi kuitamani sebuleni. Mapambo yetu yalikuwa vitambaa vya kufuma vilivyofuliwa na kutiwa wanga, kuta zilizopakwa chokaa, puto chache, kadi zilizotungwa uzini, na tawi la msaiprasi lililoijaza nyumba harufu yake. Kisha ikaja keki.

Keki ya mama haikujua umeme. Aliponda siagi na sukari kwa mwiko hadi mkono ukafa ganzi, akavunja mayai ya kuku wetu, akakwangua ganda la limau. Sufuria ndogo iliketishwa ndani ya kubwa yenye mchanga, na kifuniko kikapaliwa makaa. Siri ilikuwa moto: chini mdogo, juu mwingi. Wanawake wa pwani huoka mkate wa sinia kwa maarifa yayo hayo.

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, nilipata ujira wangu wa kwanza wa kibarua, nikapanda matatu kwenda nyumbani na keki ya dukani iliyofunikwa sukari nyeupe mithili ya theluji. Nilimkuta mama ameshawasha jiko. Aliitazama keki yangu, akaisifu sana, kisha akaiondoa sufuria yake taratibu. Nilidhani nimempunguzia kazi. Krismasi iliyofuata hakuoka, wala ile ya baada yake. Dada yangu mdogo alipomwomba amfunze, alijibu kwamba keki za siku hizi hutoka mjini. Hapo ndipo nilipotambua kuwa sikumpelekea mama zawadi, nilimpelekea hukumu.

Kuna watakaosema kwamba tanuri la umeme hurahisisha kazi, na kwamba pamba ni furaha ya watoto tu. Nakubali, raha haina ubaya, na anayeweza kununua tanuri na alinunue. Hata hivyo, mtoto anayefunzwa kila Desemba kwamba uzuri lazima ufanane na baridi ya kwingine, atajifunza lini kuuona uzuri wa ukuta uliopakwa chokaa na mama yake? Wahenga hawakukosea waliponena: usiache mbachao kwa msala upitao.

Wanachama wenzangu, sisi tunaodai kuwa watetezi wa lugha, tukifunga chuo tutarejea makwetu tukiwa na maneno mengi vinywani. Tusirudi na keki pekee. Tuketi jikoni, tuulize moto unagawanywaje juu na chini, tuyaandike majibu kabla wenyewe hawajanyamaza. Desemba iliyopita nilimsihi mama anifunze. Keki yangu iliungua upande mmoja. Mama alicheka mpaka akatokwa na machozi, kisha akaichukua sufuria, akaanza upya.