MASTAA NA MOSHI: GARI LA INJINI YA BODA MNALICHEKA, V8 ISIYO NA MASEGA JE?

Wadau, kuna staa mmoja wa hapa Bongo, jina kapuni, juzi kati aliichukua klipu ya kijana wa Maganzo, kule Kishapu mkoani Shinyanga, akiwa ndani ya gari alilochomelea mwenyewe. Bodi ya mabati, matairi ya guta, injini ya pikipiki ya cc 150. Staa akairusha na vikatuni vya kucheka, akaandika kwamba serikali ipige marufuku hivyo vidude maana vinachafua hewa. Mashabiki wakamwagika kushangilia. Posti iliyofuata? V8 yake ikinguruma getini.

Hesabu ya darasa la nne tu: V8 ina cc 4,500 na ushee. Ya kijana cc 150. Hiyo ni mara 30 jamani.

Tusidanganyane lakini. Injini kuwa ndogo haimaanishi moshi wake ni marashi. Pikipiki nyingi za kabureta hazina masega kwenye ekzosi, kwa hiyo hewa chafu inatoka mbichi. Halafu injini ya boda inapoozwa na upepo; ukiifungia ndani ya boneti na kuivutisha bodi ya chuma na abiria wawili, inachemka, ringi zinachoka, oili inaanza kuungua. Ukiona moshi wa bluu ndiyo hiyo oili. Ukiwa mweusi, kabureta inamwaga mafuta kuliko inavyotakiwa. Fundi anayejielewa anatafuta injini ya guta yenye rejeta na gia ya kurudi nyuma, na mengi ya hayo yanapungua. Hayo ndiyo ya kumwambia kijana. Kumcheka hakumsaidii kufunga hata feni moja.

Sasa turudi kwa hao wenye magari ya maana. Kila mtu mjini anajua biashara ya masega. Gari linatoka Japani na masega yake, yana platinamu na paladiamu ndani, kazi yake ni kusafisha moshi. Likifika hapa kuna watu wanayang'oa na kuyauza, wanachomelea bomba tupu, gari linapata mngurumo mzuri wa kuposti. Staa mpenda mazingira aliwahi kuinama chini ya gari lake akaangalia kama masega yapo? Thubutu!

Na sheria ipo, siyo kwamba haipo. Tuna Sheria ya Mazingira ya 2004 na kanuni za ubora wa hewa za 2007, tena zinagusa moshi wa magari. Ila nani amewahi kusimamishwa barabara ya Shinyanga–Mwanza akawekewa kipimo kwenye ekzosi? Trafiki anauliza leseni, bima, stika. Moshi haumo kwenye maswali.

Kinachouma zaidi ni hiki. Guta lenye injini ya aina ileile, likitoka kiwandani kwa Wachina, linapata namba na kubeba mchanga na madumu ya maji Maganzo nzima. Kijana akifunga injini hiyo kwenye magurudumu manne, hana karatasi za forodha, hana namba ya chesisi ya kiwanda, basi gari lake ni chuma chakavu. Akilitoa barabarani anajitafutia kesi. Mwaka 2022 Masoud Kipanya alizindua gari lake la umeme, watu wakampongeza, na alistahili. Fundi wa Maganzo anayefufua jenereta na pampu za wachimbaji kila siku apongezwe na nani?

Uingereza wana watu wanaojenga magari gereji za nyumbani, wengine kwa injini za pikipiki kabisa. Hawafukuzwi. Gari linapelekwa kupimwa lenyewe, moja moja: breki, taa, usukani, moshi. Na moshi wanaupima kwa kufuata umri wa injini, mradi mwenyewe awe na ushahidi wa umri huo. Ukifeli unarudi kurekebisha. Hapa VETA na SIDO zipo mkoani, wakaguzi wa magari wa polisi wapo. Kuwakutanisha siku moja kila baada ya miezi michache, kwa ada ambayo fundi wa kuchomelea anaimudu, kunashindikana wapi? Anayepita apewe namba, hata ya kuzunguka wilayani kwake tu. Anayefeli aambiwe kwa maandishi amefeli nini.

Na siku hiyo staa wetu asikose. Aje na V8 yake Maganzo, ipangwe foleni nyuma ya kile kigari, kipimo kilekile kiingie kwenye ekzosi zote mbili. Halafu aposti karatasi ya majibu, bila filta.