Kaboni sufuri 2050: Mikoko iko kwetu, daftari liko kwa nani?

Serikali imeahidi kwamba ifikapo mwaka 2050, hewa ya ukaa inayotolewa na Kenya haitazidi ile inayofyonzwa. Hiyo ndiyo kaboni sufuri. Ahadi ni njema, lakini sisi Wapwani tuna sababu ya kuiuliza maswali.

Umeme wetu tayari ni safi. Takriban asilimia 90 watokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kwa hivyo mzigo mkubwa uliobaki uko kwenye kilimo, mifugo, usafiri na misitu. Na ukitaja misitu inayohifadhi kaboni kwa wingi, huwezi kuiruka mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko ya nchi hii iko Lamu.

Kwamba mikoko yaweza kumfaa mwananchi, Gazi imeshaonyesha. Tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja umeuza kaboni ya hekta 117, na fedha zikaingia kwenye maji na shule za kijiji. Lakini pia twakumbuka 2018, ukataji miti ulipopigwa marufuku nchini na wakata boriti wa Lamu wakabaki bila kazi. Uhifadhi ule ule, kwa mmoja neema, kwa mwengine njaa. Tofauti ni nani alikaa mezani wakati wa kuamua.

Sheria ya tabianchi, iliyorekebishwa 2023, yasema miradi ya kaboni kwenye ardhi ya umma au ya jamii iwape wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka. Yasikika vizuri. Lakini soma mbele: ni baada ya kutoa gharama za uendeshaji. Gharama hizo azihesabu nani? Mwenye mradi akiandika kwamba matumizi yalikula karibu kila kitu, asilimia 40 ya kilichobaki ni shilingi ngapi?

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kijiji chochote kutia sahihi, hesabu isomwe hadharani, kwa Kiswahili, wavuvi, wakata boriti na akina mama wa chaza wakiwapo. Mkataba uonyeshe bei ya kaboni, gharama zinazokubalika na kiwango chake cha juu.

Mazingira ni amana kutoka kwa Mwenyezi Mungu, na kuyatunza ni wajibu wetu. Amana nayo haichungwi kwa kumdhulumu anayeilinda.