Acheni Kumlaumu Mama

Mzazi anapofariki, au mtoto anapozaliwa na kuzikwa siku hiyo hiyo, maelezo huwa tayari hata kabla ya matanga kwisha. Alichelewa. Alianza kliniki mimba ikiwa kubwa. Alimsikiliza mama mkwe. Alikunywa dawa za mitishamba. Halafu inafuata tiba inayorudiwa majukwaani, makanisani na misikitini: akina mama wapewe elimu.

Imani hiyo ni potofu, na madhara yake ni makaburi. Inatufanya tumhukumu aliyekufa badala ya kuihoji huduma aliyopewa.

Tuanzie hapa Dodoma, Chang'ombe. Ni eneo ambalo nyumba zilibanana na watu wakajaa kabla upimaji wa viwanja vya Makao Makuu ya nchi haujawafikia. Lakini Chang'ombe si porini. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, iko mji huu huu, na bajaji hazikosekani. Mama wa Chang'ombe anasikiliza redio, ana simu, anahudhuria kliniki. Kama kinachoua ni umbali na ujinga, basi yeye na wenzake wa mijini wangepaswa kuwa salama kuliko mwanamke wa kijijini Bahi au Chamwino. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kinyume chake: vifo vya watoto wachanga vilikuwa vingi zaidi mijini kuliko vijijini.

Utafiti huo ulikuta kwamba katika kila watoto 100, 63 walizaliwa kwenye vituo vya huduma. Uliporudiwa mwaka 2022, walikuwa wamefika 81. Kwa miaka michache tu, hayo ni mabadiliko makubwa. Wanawake waliambiwa waende, wakaenda. Sasa tazama vifo vya watoto wa chini ya mwezi mmoja: vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000, vikawa 24. Mama ametii, amelipa nauli, amelala leba, na mwanawe amebaki karibu na hatari ile ile.

Atakayenipinga atataja vifo vya wazazi, ambavyo kwa tafiti hizo hizo vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ni hatua ya kujivunia, nami najivunia. Lakini hotuba za kuwaonya wajawazito tulikuwa nazo miaka yote. Kilichoongezeka katika kipindi hicho ni vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji; mwishoni mwake, mwaka 2022, ukazinduliwa kitaifa pia usafiri wa dharura wa m-mama, unaoitwa kwa namba 115. Huduma ilipomsogelea mama, mama alipona.

Tufikirie pia vifo vyenyewe vinavyotokea. Damu ikimwagika baada ya kujifungua, inaweza kummaliza mwanamke mwenye afya njema ndani ya saa mbili, hata kama hakukosa kliniki hata mara moja. Mtoto asiyepumua akizaliwa anahitaji kusaidiwa ndani ya dakika yake ya kwanza. Katika dakika hiyo mama hawezi kufanya lolote. Kila kitu kiko mikononi mwa mkunga: kama yupo, kama hahangaiki na wazazi wengine peke yake usiku huo, kama kifaa cha kumpulizia mtoto hewa kiko karibu, na kama mikono yake imezoea kukitumia.

Suala hilo la mazoea lilichunguzwa jirani zetu, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom wilayani Mbulu. Mwaka 2010 wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua. Kwenye mwanasesere walifanya vizuri, lakini chumbani, kwa watoto halisi, utendaji haukubadilika. Ndipo walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara hapo hapo kazini, na vifo vya siku ya kwanza vikapungua. Kutokana na uzoefu huo ulikuja mpango wa Safer Births katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yanaonyesha vifo vya wazazi vilishuka kwa asilimia 75, na vya watoto wa siku ya kwanza kwa asilimia 40. Wazazi walikuwa wa mikoa ile ile, wenye mila zile zile na mama wakwe wale wale.

Kuhusu damu nako jibu lipo. Katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulijaribu jambo rahisi. Badala ya kukisia kwa macho, wakunga walipima damu kwa plastiki yenye alama inayotandikwa chini ya mzazi. Ikizidi kiwango, matibabu yote yanaanza kwa pamoja bila kungoja dawa moja ishindwe. Hatari ya kutokwa damu kupindukia na madhara yake ilipungua kwa asilimia 60.

Sikatai kwamba kuchelewa kupo. Makorongo yakijaa masika, mwanamke wa Mpwapwa vijijini anaweza kukwama, na huyo anahitaji barabara na gari. Lakini tumegeuza shida yake kuwa kosa la wanawake wote. Kuna vijiji vimefikia hatua ya kumtoza faini aliyejifungulia nyumbani. Na mwingine, ingawa sera inasema huduma ya uzazi ni bure, anaambiwa aje na glovu, pamba, wembe na plastiki ya kutandika. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sisi tunamuuliza mzazi glovu, kisha tunashangaa kwa nini alisita kuja.

Wala simtupii mkunga mzigo tunaomtua mama. Mkunga aliyeachwa peke yake usiku, bila zoezi wala vifaa, naye ametelekezwa. Imani ya "elimu itolewe" inapendwa kwa sababu haigharimu kitu. Kuongeza wakunga kunagharimu. Friji ya kuhifadhia oksitosini (dawa ya kuzuia damu kumwagika), umeme usiokatika, damu ya akiba, vyote vinagharimu.

Kwa hiyo, baraza la madiwani likikaa na mtu akasimama kudai akina mama waelimishwe, aulizwe kwanza. Chumba cha leba cha kata yake kina wakunga wangapi usiku? Mara ya mwisho walifanya lini zoezi la kumsaidia mtoto kupumua? Friji ya oksitosini inafanya kazi leo? Kama hana majibu, akae chini, na bajeti ianzie hapo.